Vichimbakazi wa Bi Verna

Wifi yangu Hasina akirudi kazini haingii ndani moja kwa moja. Huketi kwenye kile kibao cha viatu mlangoni, akavua kiatu kimoja, akapumzika, kisha ndipo akavua cha pili. Mtu asiyemjua atadhani ana jambo zito la kusema. Hana. Amechoka tu. Mimi huwa jikoni, namwambia, "Kivue na hicho kingine, wifi, ama chataka ruhusa?" Naye hunijibu kwa kuguna. Ndivyo tunavyoishi hapa Lewisville, Teksasi, mimi Nusra, mume wangu Hudhaifa ambaye ni kakake Hasina, na yeye Hasina, katika apatimenti ya ghorofa ya juu isiyo na lifti. Siku hizi miguu yake hufura hata alama ya soksi haitoki mpaka asubuhi. Nikiiona nataka kulia na kugomba kwa pamoja, na kwa kuwa kulia sikuzoea, nagomba.

Habari yake nitaisimulia mimi, maana ukimwuliza mwenyewe atakwambia, "Hakuna kitu, nilikuwa namtunza bibi mmoja wa Kimarekani." Hakuna kitu! Mtu amenikosesha usingizi, amenifanya niendeshe gari mpaka Houston siku yangu ya mapumziko, halafu hakuna kitu.

Kwetu ni Mombasa, Kibokoni. Huko Hasina alikuwa mchora hina, tena si wa kubahatisha. Bibi harusi wa mjini alikuwa radhi asogeze arusi mbele kuliko kuchorwa na mtu mwingine. Mikono aliiweza, lakini sifa yake hasa ilikuwa miguu. Aliuweka mguu wa mtu mapajani, akautazama kwanza, kisha akaanza kwenye kisigino, maua yakapanda taratibu mpaka juu ya kifundo. Ameshika miguu ya watu kuliko fundi wa viatu. Mumewe alipofariki na nyumba ikawa na maneno mengi ya mashemeji, kakake akamleta Teksasi. Hapa arusi zetu ni chache, na hina haikulishi. Akasomea kutunza wagonjwa kama tunavyosoma wengi, akaajiriwa katika nyumba moja ya wazee, akawa ananyanyua watu wazima kutoka kitandani hadi kitini, kitini hadi kitandani, mpaka mgongo ukasema basi.

Ndipo Kanana, nesi wa Kimeru anayesimamia wafanyakazi pale kwenye ejensi yao, akamwonea huruma, akampa Bi Verna wa Irving. Bibi mmoja peke yake, mwembamba, anatembea mwenyewe, nyumba ya matofali ya zamani yenye sakafu ya mbao. Kazi ni kumpikia, kumwogesha, kumpa dawa na kukaa naye. Hasina alipokea habari ile akasujudu pale pale sebuleni. Na kwa kuwa yeye friwei, hizi barabara kuu za mbio, anaiogopa kama simba, hakuendesha gari. Mimi nabeba abiria wa uwanja wa ndege, basi nikawa nampitisha asubuhi na kumchukua jioni.

Siku ya kwanza hata sijafika uwanja wa ndege, simu inalia. "Wifi, nyumba nzima imejaa mapicha ya viumbe."

"Viumbe gani?"

"Sijui. Vijisichana vidogo vidogo vina mabawa."

"Wamevaa nguo?"

Nikasikia akisogea kutazama. "Wengine nusu."

"Aka! Toka humo."

Hakutoka. Kumbe Bi Verna alikuwa mchoraji, na maisha yake yote alichora kitu kimoja, wale vichimbakazi ambao Wamarekani wanawapenda mpaka wanawatia kwenye vitabu vya watoto, kadi za siku ya kuzaliwa, sahani na mashuka. Ukutani walikuwapo wa kila namna. Huyu kakalia uyoga, huyu kavaa ua kichwani, huyu analala ndani ya ganda la njugu. Mabawa ya kipepeo, mabawa ya kereng'ende, nywele za dhahabu, vidole vya miguu kama punje za mchele. Hasina tangu utotoni ameambiwa malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. Basi kuswali akawa anaswalia chumba cha kufulia, kwani humo mlikuwa na mashine peke yake. Bi Verna alipomgundua humo hakuuliza kitu, akampelekea zulia dogo la chooni, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Hasina aliniambia siku ile, "Huyu bibi tutaelewana."

Waliloelewana hasa lilikuwa jambo la maji ya moto. Hasina alichemsha makaroni. Wakati wa kumwaga yale maji kwenye sinki akasema kama tunavyosema sote, kama alivyofundishwa na mamake na mimi nilivyofundishwa na wangu, "Bismillahi, jisogezeni wenzetu." Maana huko chini hujui nani anaishi na wanawe. Ukiwaunguza, usilalamike ukiamka mdomo umekwenda upande. Bi Verna alikuwa ameketi pale pale jikoni. Akamwuliza kwa Kizungu chao, nami nawapa kwa lugha yetu, "Unasema na nani?"

Mwingine angesema "na mimi mwenyewe." Wifi yangu hajui kudanganya, ndiyo taabu yake. Akamweleza. Bi Verna akacheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akanyweshwa maji. Alipopata pumzi akasema nyanyake aliyetoka Ayalandi alikuwa akimwaga maji machafu mlangoni kwanza apige kelele kuwaonya wasirowe. Na jina lao halitamkwi ovyo. Nyanya huyo aliwaita majirani wema, kwa hofu, wala si kwa wema wao.

"Sisi tunasema wenzetu," Hasina akamwambia.

"Basi ni wale wale."

Akamweleza kwamba hao wa nyanyake hawakuwa wadogo, wala hawakuwa na mabawa. Walikuwa na kimo cha watu, wazuri wa sura, na wakiudhika walimchukua mtoto wa mtu wakamwachia wa kwao, mgonjwa mgonjwa. Chuma walikiogopa. Nyanya aliweka koleo la chuma juu ya susu ya mtoto. "Mabawa waliwatia wachoraji," akasema, "wachoraji na watu wa michezo ya jukwaani. Kitu chenye mabawa ya kipepeo mtoto hakiogopi, na mama yake anakinunua." Kisha akainama akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya mtu mwingine, "Na mimi nina sababu yangu. Sijui kuchora miguu. Tangu chuoni sijui. Nikiwapa mabawa, hawakanyagi chini, na asiyekanyaga chini hakuna anayemtazama miguu."

Hasina akacheka. Nilipomchukua jioni alikuwa bado anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu atue nchi hii.

Idd ilipokaribia akampaka Bi Verna hina. Aliuweka mapajani ule mguu wa kizee, wenye mishipa ya buluu na ngozi nyembamba, akauchora kama wa bibi harusi. Bi Verna alivaa miwani yake miwili kwa pamoja ili aone. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Una mkono wewe." Kwa mchoraji, neno hilo halitoki bure. Hasina alinisimulia hilo mara nyingi mpaka nikamwambia nimeshasikia, wifi, una mkono, haya nipe chumvi.

Sasa ndipo likaja lile swali. Bi Verna alimwuliza, kwa utaratibu wa mtu wa kazi anayetaka kujua, "Hao wenzenu wanaonekanaje? Nikitaka kumchora mmoja, nichore nini?"

Hasina akasema wanaonekana kama watu. Huwezi kumjua kwa uso, uso ni mzuri kuliko wetu. Huwezi kumjua kwa nguo, amevaa buibui kama mamako. Anaomba lifti, anapanda gari, ananukia udi, anazungumza kwa adabu. Unamjua kwa kitu kimoja tu. Unatazama chini, na pale penye miguu pana kwato.

Nani kwetu hajasikia hayo? Mimi nina mjomba aliyeapa kwamba alimbeba mmoja Makupa akaacha gari na kukimbia. Tumeyasikia tukiwa tunakula, tukaogopa, tukalala, tukaamka tukaenda skuli. Bi Verna aliyasikia akaomba karatasi. Alikuwa hajachora kwa muda mrefu. Akachora mwanamke wa buibui, uso kama mwezi, na chini ya upindo wa nguo ukwato mmoja umejitokeza kidogo tu. Ukwato aliuweza! Alifurahi kama mtoto, akaibandika ile picha ukutani katikati ya wale wenye mabawa. Hasina naye akafurahi. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinaingia nyumba ile.

Kwa sababu Bi Verna alikuwa tayari na ugonjwa wa kusahau. Mwanzo ulikuwa mambo madogo, chai mara mbili, soksi kwenye friji. Baadaye akaanza kuona watu wasiokuwapo, wamekaa kwenye kochi, kimya. Daktari akasema ugonjwa ule una tabia hiyo. Akasahau majina, akasahau mumewe alikufa, akasahau hata kwamba alikuwa mchoraji. Lakini angalia ukorofi wa ugonjwa. Yote yalimtoka, miguu ikabaki. Kila anayeingia, hamtazami usoni tena. Anatazama chini.

Hasina hakumtisha kwa sababu Hasina ndani ya nyumba havai viatu, nani kwetu anaingia na viatu ndani? Alitembea pekupeku, na Bi Verna aliona vidole vyake vyote na akatulia. Wengine ndio waliopata taabu. Aliyeleta dawa alifukuzwa. Mtu wa mazoezi ya viungo alitupiwa mto. Na Bi Verna akaenda jikoni akachukua kikaango cha chuma, kile kizito cheusi cha kuokea mkate wa mahindi, akawa halali bila kuwa nacho. Kwetu kwato, kwao chuma, vyote viwili vimekutana kwenye kichwa kimoja kilichochoka.

Aliyeumia kuliko wote ni Denise, binti yake wa pekee. Denise anakaa Katy, huko upande wa magharibi wa Houston, nyumba kubwa mpya, na alikuwa amemtengenezea mamake chumba cha chini chenye bafu lisilo na kizingiti. Shida ni kwamba Denise ni Mteksasi wa kweli. Anavaa buti. Yale mabuti ya ngozi yenye ncha mbele na kisigino kigumu nyuma, na ile nyumba sakafu yake ni ya mbao. Sasa jaza mwenyewe. Mlango unafunguliwa, ko, ko, ko, ko, na Bi Verna chumbani anasikia mnyama anatembea ndani ya nyumba, kisha anatokea mwanamke mzuri anayenukia, anatabasamu, anamwita mama.

Alipiga ukelele mimi nikausikia ndani ya gari, na madirisha nimeyafunga.

Denise alijaribu tena na tena. Aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Katy, akafukuzwa na kikaango, akaendesha saa nne kurudi. Daktari alibadilisha dawa. Kanana alisema wafanyakazi wasibishane na mgonjwa, wambadilishie mazungumzo. Denise akaamini mamake anamchukia kwa jambo la zamani, akawa anamwuliza Hasina, "Amewahi kukwambia nilimkosea nini?" Na habari ya kuhamia Katy ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Utambebaje mtu anayepiga kelele kwenye friwei saa nne?

Ni mtu mmoja tu aliyejua. Akanieleza garini, tunarudi, foleni imesimama. "Wifi, ni mimi niliyemtia ile hofu."

"Ugonjwa ndio uliomtia hofu."

"Ugonjwa umemtia hofu. Mimi nimemwambia aangalie wapi."

Nikapiga honi bila sababu. Niliona mbali haraka, hiyo ndiyo akili yangu. Nikamwambia, "Sikiliza. Bi Verna akihamia Katy, wewe unarudi nyumba ya wazee kunyanyua watu. Mgongo wako unajua ulivyosema? Huyu bibi anakupenda, nawe unampenda, anaogeshwa, analishwa, ana amani. Anayekosa amani ni Denise, na Denise ana nyumba na mume na bwawa la kuogelea. Nyamaza, Hasina. Hujasema uongo, hujaiba. Nyamaza tu."

Alinyamaza, wallahi, na mimi nikajipongeza. Wiki zikapita. Lakini nilimwona anavyokonda. Chakula anakichokora. Akisali anakaa kwenye mswala mpaka Hudhaifa ananiuliza dadangu ana nini, nami namjibu ana uchovu. Na kweli ulikuwa uchovu, ila wa aina ambayo usingizi hauuondoi.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya Julai. Nimefika kumchukua Irving, joto la kuyeyusha lami, nakuta gari la Denise limesimama mbele ya nyumba na injini inaunguruma. Nikaegesha nyuma yake. Denise yumo ndani. Hajashuka. Ameshika usukani, kichwa amekilaza juu yake, mabega yanatikisika. Ameendesha njia yote ile na sasa anaogopa kuingia kwa mamake mwenyewe. Sikumpenda Denise sana, nasema ukweli, lakini nilitazama pembeni.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Hasina. Nilimjua kwa mwendo tu kwamba amekata shauri. Nikashusha dirisha, nikamwambia kwa Kiswahili, "Hasina! Usifanye."

Akaja mpaka dirishani kwangu kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mamangu alikufa akiniona kwenye simu," akasema. "Akawa auliza ni nani huyu wa mtandio wa kijani. Huyu Denise amefika mpaka mlangoni, wifi, na mlango nimeufunga mimi."

Mamake alikuwa mkwe wangu. Na mimi pia sikumzika.

Akagonga kioo cha Denise. Nilisikia kila neno. "Vua viatu," akamwambia.

"Nini?"

"Vua viatu, Denise. Na soksi."

Ikabidi aeleze. Alieleza yote, maji ya moto, nyanya wa Ayalandi, buibui, kwato, picha iliyobandikwa ukutani. Denise uso ulimbadilika kutoka huzuni hadi hasira, akashuka garini, akampigia kelele mbele ya majirani. "Mama yangu ni mgonjwa wa ubongo, na wewe unamsimulia mashetani? Nimekaa miezi nikidhani ananichukia!" Alisema atapiga simu ejensi. Alisema atamfungulia mashtaka. Mimi nikashuka na mkoba wangu tayari kwa lolote. Hasina hakujitetea hata kidogo. Alisimama tu, jasho linamtiririka, akasema, "Piga simu. Lakini kwanza vua viatu, uingie, mamako anakungoja bila kujua kwamba anakungoja."

Sijui ni nini katika maneno yale. Denise alikaa kwenye ngazi ya baraza akaanza kuvuta buti. Buti halitoki. Si unajua miguu inavyofura kwa joto na safari? Hasina akapiga magoti, akashika kisigino, akavuta, likatoka. Akavuta la pili. Denise akasimama pekupeku juu ya saruji ya Julai, akaruka, akatukana neno la Kiteksasi ambalo sikulijua, akakimbilia mlangoni akirukaruka. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka.

Nikamfuata mpaka kizingitini. Bi Verna alikuwa kwenye kochi, kikaango mapajani. Hakuna ko ko ko safari hii, miguu tu inayonata kidogo sakafuni. Akatazama chini. Denise akasimama katikati ya sebule kama mtoto anayepimwa sare. Ana miguu mibaya, masikini, kidole cha pili kimepanda juu ya kile kikubwa. Akajaribu kukificha kwa mguu mwingine.

"Usikifiche," Bi Verna akasema.

Akamwita karibu. Akaweka kikaango pembeni. Akainama, akakishika kile kidole kilichopanda, akakishusha, kikapanda tena, akakishusha tena. "Kidole hiki," akasema. "Nilikifunga bandeji usiku na mchana. Daktari alisema kitanyooka. Hakikunyooka." Kisha ndipo alipoinua macho, akamwangalia usoni, akasema, "Denise, umenenepa."

Denise akalia kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia. Alikaa sakafuni mbele ya mamake, mguu wake mkononi mwa yule bibi. Hasina akaenda chumba cha kufulia akafunga mlango. Mimi nikabaki na mkoba wangu, sina wa kumpiga.

Denise hakupiga simu ejensi. Wala asante hakusema, hiyo nimeihesabu mimi, Hasina anasema nisihesabu. Kabla mwezi haujaisha Bi Verna alibebwa kwenda Katy, na Denise akaendesha gari pekupeku ili mamake aone miguu yake kwenye pedeli njia nzima. Nyumba ya Irving ikauzwa. Vichimbakazi wote wakafungwa kwenye maboksi. Hasina akarudi nyumba ya wazee kunyanyua watu, na kibao cha viatu mlangoni kwangu kikaanza kumngoja jioni kama zamani. Kiatu kimoja, pumzi, kiatu cha pili. Nilimwambia, "Nilikwambia." Akasema, "Ulinambia." Tukala wali.

Mwezi uliopita Denise alipiga simu. Alisema mamake hali chakula vizuri, hasemi, pengine Hasina akija atachangamka. Hasina alikuwa ametoka shifti mbili mfululizo. Jioni ile nilimkuta kwenye kibao cha viatu na koni ya hina, anajichora miguu yake mwenyewe, ile miguu iliyofura, ameinama mpaka mgongo unamtetemeka. Nikasema, "Mashallah, bibi harusi. Lala, basi." Akasema kidogo tu, amebakisha kisigino.

Tukaenda. Katy ni mbali, wallahi, na ukishafika bado hujafika. Denise akatufungulia mlango, pekupeku, na kando ya mlango viatu vimepangwa kama msikitini, buti za mumewe zikiwamo. "Tafadhali vueni viatu," akatuambia. Mimi mtu wa Kibokoni nafundishwa kuvua viatu na Mteksasi! Nikayameza hivyo hivyo. Hasina siku hiyo alivua vyote viwili kwa pamoja, bila kupumzika.

Bi Verna alikuwa kwenye kochi, amepungua, kikaango kiko mapajani na mkono juu yake. Ukutani walikuwapo vichimbakazi wachache, wanaelea. Hasina akasimama mbele yake, akasema, "Bi Verna, ni mimi Hasina."

Yule bibi akamwangalia usoni. Hakuna kitu. Nilitazama nikaona kabisa hakuna kitu, kama nyumba iliyohamwa. Hasira zikanipanda, nikataka kumwambia Hasina twende, tumekuja bure, si nilikwambia?

Kisha Bi Verna akatazama chini. Akatazama muda mrefu. Akatafuta miwani kifuani, Denise akampa, akavaa, akainama karibu zaidi, akafuata kwa kidole maua yale kutoka kisiginoni kupanda.

"Hii ni miguu ya mtu," akasema. Ndiyo sauti ya kwanza aliyotoa siku nyingi. Kisha akasema, "Aliyechora hii ana mkono."

Hasina aliitikia kwa kichwa tu. Bi Verna akakiinua kikaango mapajani, akakiweka chini sakafuni, akasogea ili yule mgeni apate nafasi ya kukaa.